Vipimo vya Mlango wa Lamu Viandikwe Kabla ya Kuwasha Kompyuta

Kijana anayetengeneza modeli za pande tatu kwa kompyuta anaweza kumaliza mlango wa nakshi wa Lamu kwa wiki mbili, ukapendeza, akalipwa. Miezi sita baadaye mteja anarudi: seremala anataka kuuchonga mlango huohuo kwa mbao na anauliza upana wa mfaa. Kama kipimo hakikuandikwa, jibu halipo. Modeli ilikadiriwa kwa macho, na picha zilifutwa ili simu ipate nafasi.

Hasara hiyo si ya kijana peke yake. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mbao za milango yake hazina kinga dhidi ya mchwa, jua na hewa ya chumvi. Modeli yenye vipimo vya kweli inaweza kumwongoza fundi kurudisha kilichooza. Isiyo na vipimo ni pambo.

Kazi ianzie mlangoni, baada ya kubisha hodi na kuomba ruhusa, kwa sababu hiyo ni nyumba ya mtu. Mtengenezaji apige picha akiwa ameukabili mlango sawasawa, na rula iwe imeegemezwa kando yake. Lenzi pana ya simu hupinda kingo, kwa hiyo picha peke yake haitoshi: achore mlango kwa penseli, hata kama mchoro ni mbaya, kisha aandike sentimita juu ya kila sehemu. Tarehe na saa ziandikwe pia, maana rangi ya mbao asubuhi si ile ya jua la utosini.

Majina ya sehemu yawe yale ya mafundi: mfaa, miimo, kizingiti, tumbuu. Majina hayohayo yatumike ndani ya programu. Sehemu iliyoachwa na jina la "Cube.014" haimwambii mtu chochote, hata aliyeitengeneza.

Linalosahaulika zaidi, na ndilo huleta ugomvi wa malipo, ni asili ya vitu vya kuazima. Picha ya mbao iliyopakuliwa mtandaoni ina leseni yake. Zilizo chini ya CC0, kama zile za Poly Haven, hutumika bila masharti. CC BY hudai mwenye kazi atajwe. Yenye herufi NC hairuhusiwi katika shughuli za biashara, na tangazo la hoteli ni biashara. Jina la mwenye picha, anwani ya ukurasa na leseni viandikwe siku ileile ya kupakua. Baada ya mwezi hakuna anayekumbuka.

Blender, programu isiyolipishwa inayotumiwa na wengi, ina sehemu ya kuandika maelezo ndani ya faili lenyewe. Lakini isipobadilishwa mipangilio, huweka nakala moja tu ya faili la awali, na kila unapohifadhi nakala hiyo hufutwa na nyingine. Heri kila hatua kubwa ipewe namba yake, mlango_01, mlango_02, na mstari mmoja wa kueleza kilichobadilika na aliyeomba kibadilike.

Daftari lipigwe picha kila ukurasa, na picha hizo ziwekwe pamoja na faili kwenye flashi inayolala nyumba nyingine.