SOMO: KUIAGA NCHI YA PILI KATIKA UZEE

Fungu la kusoma: Matendo ya Mitume 20:17–38

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini aliyelishika jembe hilo miaka thelathini si mgeni tena. Amejua lugha, amezika marafiki, amebatiza watoto wa wale aliowabatiza. Kisha nguvu zapungua na siku ya kurudi kwao yafika. Nchi iliyokuwa ya ugeni imekuwa nyumbani kwake. Ataiagaje?

Tumtazame Mtume Paulo. Alikaa Efeso miaka mitatu. Alipojua kwamba hawatamwona tena, aliwaita wazee wa Kanisa waje Mileto. Hakuondoka kimya kimya. Alieleza mbele yao jinsi alivyotumika, akawakabidhi kundi, naye mwenyewe akawaweka mikononi mwa Mungu. Akawakumbusha kwamba hakutamani fedha, dhahabu wala mavazi ya mtu. Wakapiga magoti, wakaomba, wakalia sana, wakamsindikiza mpaka merikebuni. Paulo hakuyakataza machozi yao.

Mfano wa karibu zaidi ni Askofu Lesslie Newbigin, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1909. Alikwenda India na mkewe Helen mwaka 1936, akajifunza Kitamil. Mwaka 1947, Waanglikana na Wakristo wa madhehebu mengine walipoungana kuwa Kanisa la India ya Kusini, alikuwa mmoja wa maaskofu wake wa kwanza. Baada ya miaka kadhaa ya kazi Ulaya alirudi India mwaka 1965, akawa Askofu wa Madras.

Mwaka 1974 alistaafu. Yeye na Helen waliamua kurudi Uingereza kwa nchi kavu, wakipanda mabasi ya kawaida, na mizigo yao ilikuwa masanduku mawili na mfuko wa mgongoni. Walipofika Kapadokia, katika nchi ya Uturuki, walisali siku ya Bwana wawili peke yao, kwa maana hawakumpata Mkristo mwingine. Na Kapadokia ndiyo nchi iliyotajwa mwanzoni mwa Waraka wa Kwanza wa Petro!

Kufika kwao hakukuwa mwisho wa ugeni. Newbigin aliiona Uingereza kuwa nchi ambayo watu wake wengi wamepoteza tumaini, akasema kazi ya Injili huko ni ngumu kuliko India. Hakukaa akiililia Madras. Alifundisha Birmingham, na alipofikia umri wa miaka 70 alipokea uchungaji wa kanisa dogo huko Winson Green, mtaa wa watu maskini karibu na gereza. Alifariki mwaka 1998.

Tunajifunza nini?

1. Kuagana ni kukabidhi. Anayeondoka huku akitaka kuendelea kuamua mambo kwa barua hajaondoka bado. Kundi ni la Mungu.

2. Machozi si upungufu wa imani. Mzee anayelia anaishukuru nchi iliyompokea. Nao wanaobaki wasimwambie, "Si unarudi kwenu?" Kwao kumebadilika, rafiki zake wengi wamekufa, na vijana hawamjui.

3. Kurudi ni kutumwa tena. Parokia yenye mtu aliyerudi kutoka mbali impokee kama mtumishi aliyeletwa, isimwache akae kama mgonjwa wa kuangaliwa. Naye asilinganishe kila kitu na kule alikotoka.

Maswali ya kujadili:

(a) Katika mtaa wetu, ni nani aliyerudi baada ya miaka mingi ugenini? Tumempa kazi gani?

(b) Je, mimi mwenyewe ningeitwa kuondoka leo, ni kitu gani nimekishika ambacho sijamkabidhi mwingine?

Tuombe: Ee Bwana, uliyewaongoza watumishi wako kwenda na kurudi, uwafariji wazee wanaoiaga nchi waliyoipenda. Uwape mahali pa kukutumikia mpaka mwisho, na sisi utupe mioyo ya kuwapokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.