Somo la Robo Hii: Haki Huanzia kwa Mtu Mmoja



Mwanafunzi anayetaka kujifunza haki za binadamu asiishie kwenye maana za vitabuni. Achukue tukio moja. Hapa Pemba, achukue la tarehe 27 Januari 2001.

Siku hiyo wafuasi wa CUF waliandamana wakidai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku, na polisi walifyatua risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa Zanzibar. Askari polisi naye aliuawa Micheweni. Watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya.

Sasa mwanafunzi afungue Katiba ya Muungano. Ibara ya 20 inatambua uhuru wa kukusanyika. Ibara ya 14, haki ya kuishi. Hii ya 14 haiulizi chama wala sare: inamhusu mwandamanaji na askari sawasawa.

Kisha aulize kilichofuata. Oktoba 2001 CCM na CUF walitia saini Muafaka, na tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Waliotia saini ni viongozi. Mjane hakutia saini. Kupatana kwa wakubwa ni jambo jema, lakini haki ya mjane ni swali jingine.

Maswali ya kujadili:
1. Katika usharika wetu, viongozi wakishapatana, nani hubaki hajasikilizwa?
2. Nani atakwenda kwake kabla ya kikao kijacho?