Vilima Visivyo na Miti

Upande wa Likasi na Kambove viko vilima ambako miti haioti. Kuna majani na maua madogo tu. Kwa nini? Udongo wake una shaba nyingi, nayo ni sumu kwa miti. Wazee waliijua sana alama hiyo.

Walichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, maana mvua hulegeza mtelemko. Jiwe moja la chini likiondolewa, ya juu hufuata, na mchimbaji hufunikwa. Kisha waliyayeyusha kwa makaa katika tanuru ya udongo wa kichuguu, wakivukuta kwa mivuo ya ngozi. Shaba ikamiminwa kwa umbo la msalaba. Msalaba huo haukuwa wa dini, ulikuwa fedha.