Ugwe Haushikwi: Maswali kwa Mwalimu wa Upinde

Wanaojifunza upinde wa jadi, usio na kifaa chochote cha kulengea, huuliza sana habari za jicho. Mwalimu wetu huanzia kwenye vidole.

Mwalimu, kila nikivuta mshale unadondoka. Ugwe unashikwaje?

Haushikwi, na tatizo lako liko hapo hapo. Anayevuta kwa mkono wa kulia hupachika mshale upande wa kushoto wa upinde: kidole cha shahada juu ya mshale, cha kati na cha pete chini yake. Sasa mwanafunzi, kwa hofu ya kuuangusha, anaubana mkia wa mshale. Akivuta, vidole vinajikunja, ugwe unajisokota kidogo, na mshale unaachana na upinde. Kadiri anavyobana ndivyo unavyozidi kumponyoka.

Ulaze ugwe kwenye kifundo cha kwanza cha vidole vyote vitatu, au ndani yake kidogo. Kwenye ncha za vidole hautulii. Acha upenyo mwembamba kati ya vidole na mshale. Kisha legeza gumba na kiganja, mgongo wa mkono unyooke, kama unavyonyooka ukibeba ndoo ya maji. Anayevuta ni bega na mgongo. Vidole vimening'inia tu.

Uzito ugawanywe sawasawa?

Usihangaike na usawa. Cha kati hubeba zaidi. Cha shahada kikilemewa hukandamiza mshale, na cha pete ndicho mvivu: kikichoka hujitoa kimyakimya. Baada ya kupiga, tazama alama ya ugwe kwenye ngozi. Isipoonekana kwenye kidole cha pete, umeshapata jibu.

Wenzangu huweka vidole vyote vitatu chini ya mshale. Wamekosea?

Hata kidogo. Kama kidole cha shahada kinatua pale pale kwenye pembe ya mdomo, mshale wao unakaa juu zaidi usoni, karibu na jicho. Kwa shabaha ya karibu ni raha kulenga. Ila ukihamia huko usitarajie kupiga ulipokuwa ukipiga: ncha ikielekezwa pale pale, mshale utatua chini zaidi. Pandisha pia alama ya kupachikia mshale ugweni, maana shinikizo la vidole limebadilika, na funga nyingine chini ya mkia ili mshale usiteleze. Upinde unaweza kupiga kelele zaidi, vumilia. Ninachokataa ni kubadili mtindo kila ukikosa.

Kwa nini Wamongolia walivuta kwa gumba?

Mwaka 1885 Mmarekani Edward Morse, aliyewahi kufundisha Tokyo, alichapisha uchambuzi wa namna watu mbalimbali wanavyoachia ugwe. Njia ya vidole vitatu aliiita ya Mediterania, na ya gumba ya Kimongolia. Gumba hufunga ugwe, kidole cha shahada hulifungia juu, na mshale huhamia upande wa pili wa upinde, kulia. Upinde mfupi wa wapanda farasi ukivutwa sana, ugwe hufanya pembe kali inayobana vidole vitatu. Gumba lina nafasi. Waturuki, Wachina na Wakorea walilikinga kwa pete ya mfupa, pembe au jiwe, Wajapani kwa glavu ya ngozi. Njia ya kwanza katika orodha ya Morse ni kuubana mkia wa mshale kwa gumba na kidole cha shahada, jinsi watoto wafanyavyo na pinde zao za vijiti. Kwa upinde mzito haifai.

Nifungue vidole ghafla ili mshale utoke?

Ukivifungua umechelewa. Acha kuvikunja, ugwe utavisukuma wenyewe, na mkono urudi nyuma ukipapasa shavu. Mkono uliorukia pembeni umeuvuta ugwe pembeni pia.

Ncha za vidole zinakufa ganzi.

Upinde wako ni mzito mno. Anayeanza, mtu mzima, paundi 20 hadi 25 zinamtosha. Vaa glavu au kipande cha ngozi. Roger Ascham aliwahimiza Waingereza kuvaa glavu katika kitabu chake cha 1545, nao walizoea pinde nzito kuliko nyingi utakazokuta uwanjani leo. Ganzi isipoisha siku ya pili, weka upinde chini, nenda kwa daktari.