Redio ndogo ya kuitana

Msitu wa mlima Kahuzi, kule Kivu, ni mzito. Mtu akienda mbele kidogo, haonekani tena. Watafutao ndege katika msitu wa namna hii huachana, maana macho mengi huona mengi. Lakini wataambianaje? Wakipaza sauti, ndege wataruka.

Basi kila mmoja huchukua redio ndogo mkononi. Anayetaka kusema hufinya kitufe, hungoja kidogo, kisha husema polepole: «Ndege wa kijani, juu ya mwanzi mrefu, karibu na kijito.» Akimaliza, huachilia kitufe apate kusikia jibu. Wawili hawawezi kusema pamoja.

Redio hii haifiki mbali. Kilima kikiwa katikati, sauti hukatika. Kwa hiyo anayetaka kuvuka kilima huwaambia wenzake kwanza, asije akapotea peke yake.

Karibu na kiota, sauti ya redio hupunguzwa sana. Redio ikilia ghafula, mama ndege hukimbia. Akikawia kurudi, mayai hupoa, na vifaranga hufa kabla ya kuanguliwa.

Maulizo
1. Kwa nini wawili hawasemi pamoja?
2. Mwenye redio afanye nini karibu na kiota?