SOMO LETU: TUKIIFUATA TIMU YA WASICHANA, TUNAFUATA NINI?

Ndugu msomaji, timu kubwa ya wanaume ikicheza, banda la mpira hapa Ukunda hujaa mpaka wengine wakachungulia kwa nje. Je, timu ya taifa ya wasichana wa umri wa shule ikicheza ng'ambo? Mara nyingi tunapata habari kesho yake, tena kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Tunasema, "Ah, wamefungwa hao," na maneno yanaishia hapo.

Somo hili ni la vikundi vya wazazi, vijana na walezi wa timu za shule. Tutajifunza namna ya kuifuata timu ya wasichana katika mashindano ya kimataifa, na jambo hilo linamsaidia vipi binti aliye nyumbani kwetu Kwale. Maana kufuata si kupiga makofi peke yake. Kufuata ni kujua, na anayejua huuliza maswali ya maana.

1. SAFARI YA MWAKA 2024

Tuanze na mfano wa hapa Kenya. Mwezi wa Juni 2024 timu ya soka ya wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, ikiongozwa na kocha Mildred Cheche, ilikutana na Burundi. Mechi ya kwanza ilichezwa Addis Ababa, Kenya ikashinda 3-0. Marudiano yakawa Nairobi, ikashinda 2-0. Jumla mabao 5-0.

Kwa ushindi huo Kenya ilipata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la umri huo, lililofanyika katika Jamhuri ya Dominika mwezi wa Oktoba na Novemba 2024. Afrika ilikuwa na nafasi 3 tu, na nyingine mbili zilichukuliwa na Nigeria na Zambia. Kabla ya hapo hakuna timu yoyote ya soka ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, ya wakubwa wala ya vijana, iliyokuwa imefika Kombe la Dunia la FIFA. Mlango ulifunguliwa na wasichana wa umri wa kidato cha pili na cha tatu. Ni rika la hao hao tunaowatuma maji kila asubuhi.

2. JUA SAA, JUA UMRI

Anayetaka kufuata aanze na ratiba. Jamhuri ya Dominika iko nyuma yetu kwa saa 7. Mechi ya saa 10 jioni kule, hapa ni saa 5 usiku. Ndiyo sababu wengi walilala bila kuona. Basi andikeni ratiba kwa saa za kwetu na muibandike mahali watu wanapopita, kama dukani au kwenye mbao ya matangazo ya shule.

Jambo la pili ni umri. Kwa mashindano yale ya 2024 mchezaji alitakiwa awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2007 au baadaye. Aliyezaliwa Desemba 2006, hata awe hodari namna gani, hakuruhusiwa. Hapa mzazi asikilize vizuri. Umri huonyeshwa kwa karatasi, na mtoto wa Kenya hapati pasipoti bila cheti cha kuzaliwa. Wako watoto wetu ambao mpaka leo cheti hicho hawana. Siku binti akiitwa na walimu wa timu ndipo tunaanza kukimbia ofisini, na basi halimngoji mtu.

3. SOMA MATOKEO MPAKA MWISHO

Mashindano yale yalikuwa na timu 16 katika makundi 4. Ukishinda unapata pointi 3, ukitoka sare 1, ukishindwa huna kitu. Timu 2 za juu za kila kundi ziliendelea. Kenya iliwekwa pamoja na Uingereza, Korea Kaskazini na Meksiko. Matokeo yake yalikuwa hivi:

- Uingereza 2, Kenya 0
- Korea Kaskazini 3, Kenya 0
- Kenya 2, Meksiko 1

Anayetazama juu juu atasema walishindwa, wakarudi. Sasa tazama tena. Korea Kaskazini ndiyo iliyochukua kombe, baada ya kuitoa Hispania kwa penalti katika fainali. Uingereza nayo ilifika nusu fainali. Kwa hiyo wasichana wetu walifungwa na timu mbili zilizokuwa kati ya nne bora za dunia. Halafu, wakiwa wameshafungwa mara mbili na hawana tena nafasi ya kusonga mbele, waliingia uwanjani mara ya tatu wakashinda. Huo ndio ushindi wa kwanza wa timu ya soka ya Kenya katika fainali za Kombe la Dunia.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyeacha kufuata baada ya mechi ya pili hakuiona ile ya tatu. Mwaka 2025 mashindano kama hayo yalifanyika Moroko na Kenya haikufuzu. Hapo pia mfuasi wa kweli hakimbii.

Tena tukumbuke kwamba hawa ni watoto. Maneno makali tunayoandika kwenye simu baada ya kufungwa yanasomwa na msichana wa miaka 16 aliye mbali na mamake. Kama huwezi kumwambia mwanao neno hilo mezani, usimwandikie mtoto wa mwenzio.

4. UPANDE WA KIKAPU

Hapa kwetu mpira wa kikapu una mashabiki wake, na mashindano yake ya vijana husomwa kwa njia nyingine. Mchezo una robo 4 za dakika 10 kila moja. Kikapu cha kawaida ni pointi 2, cha kutoka mbali nje ya mstari ni 3, na mtupo wa adhabu ni 1. Usitazame jumla peke yake, tazama kila robo. Timu inaweza kushindwa kwa pointi 20, kumbe zote ziliingia robo ya kwanza kwa sababu ya woga, na robo tatu zilizobaki ilikuwa bega kwa bega.

Katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 la mwaka 2021, huko Debrecen, Hungaria, timu ilikuwa haifungashi virago kwa kushindwa mapema. Zote 16 ziliendelea kucheza mpaka kila moja ijue nafasi yake, ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka huo Mali ilifika nusu fainali na kumaliza ya nne. Wasichana wa Afrika, kutoka nchi isiyo tajiri, walikuwa wanne wa dunia.

5. TURUDI TIWI

Usiseme hayo ni ya watu wa mbali. Shule ya Sekondari ya Kaya Tiwi, hapa hapa Kwale, ilitwaa ubingwa wa taifa wa kikapu cha wasichana wa shule za sekondari katika miaka ya 2010, na ikaiwakilisha Kenya kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki. Uwanja wa simiti na pete mbili, na walimu wasiochoka, vilifanya kazi hiyo.

Tuseme mama mmoja wa kwetu ana binti wa kidato cha pili anayecheza kikapu. Kila Jumamosi ni ugomvi: maji hayajatekwa, mdogo wake analia, raba zimetoboka. Mama anasema, "Mwanangu, hiyo mipira itakulisha?" Binti hana la kujibu, ananyamaza. Baada ya muhula mmoja ameacha mchezo, na wengine wanaacha na shule pia.

Mama akiwa amefuata safari ya wale wasichana wa 2024, huuliza mengine: "Mechi ni lini? Mtasindikizwa na nani? Mtalala wapi? Mtarudi saa ngapi?" Maswali haya humlinda binti, na tena hayamzuii kucheza. Mwalimu mwema hufurahi kuyasikia. Asiyetaka kuyajibu, hapo mzazi ana haki ya kusema hapana.

Wako pia wazazi wanaohofia mavazi. Ndugu zetu Waislamu wajue kwamba soka iliruhusu hijabu uwanjani mwaka 2014, na kikapu kikaruhusu kuanzia Oktoba 2017. Binti anaweza kucheza amejistiri, na refa hana la kusema.

Tusidanganyane: si kila binti atavaa jezi ya taifa. Wengi hawataivaa. Lakini yule aliyebaki kwenye timu yuko shuleni, ana wenzake, ana mtu mzima anayemuulizia asipoonekana. Hiyo nayo ni faida, hata asipopanda ndege.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mchezaji mmoja msichana wa timu ya shule iliyo karibu nawe. Kama humjui hata mmoja, ni kwa nini?
2. Kazi zipi za nyumbani zinamzuia binti kufanya mazoezi, na kaka yake hazimzuii?
3. Timu ikishindwa, sisi husema nini mbele ya watoto?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KUKUTANA TENA

Kila mzazi atazame nyumbani kama kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Asiyenacho aanze safari ya kukitafuta wiki hii. Halafu kikundi kichague mechi moja ya wasichana wa shule, kiende kuitazama mpaka mwisho, hata timu yetu ikiwa nyuma.