Kompyuta Kuukuu Isivunjwe Nyumbani

Kompyuta iliyokufa ikakaa juu ya kabati haimdhuru mtu. Sumu zake zimefungwa ndani ya kioo, plastiki na lehemu, na zitatulia humo miaka mingi. Hatari huanza siku inapopasuliwa kwa nyundo uani ili itolewe shaba, au nyaya zake zinapotiwa moto nyuma ya nyumba. Ombi letu kubwa kwa kila kaya ni hili: kifaa kitoke kwako kikiwa kizima, kiende kwa anayejua kukifungua.

Risasi na watoto

Monita za zamani, zile zenye kichogo, ndizo za kuogopwa zaidi. Kioo cha monita moja huweza kuwa na zaidi ya kilo nzima ya risasi, madini yaleyale yaliyomo kwenye betri za magari. Hata ukichomoa waya ukutani, umeme hubaki ndani kwa muda na kumpiga mtu asiyejua. Lehemu ya bodi za zamani nayo ina risasi, na skrini bapa za mwanzo zina vijitaa vyembamba vyenye zebaki.

Mtoto hahitaji kuigusa kompyuta yenyewe ili adhurike. Hutambaa sakafuni penye vumbi, kisha hutia vidole kinywani. Kati ya risasi inayoingia tumboni, mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, nayo huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mwili huipokea kama kalsiamu na kuiweka mifupani. Mwanamke aliyeipata zamani huweza kuirudisha kwenye damu akiwa mjamzito, ikamfikia mtoto tumboni.

Mombasa inayajua haya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupigania mtaa huo baada ya mwanawe kuugua na kupimwa akakutwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Afya ya mtoto aliyekwisha kudhurika hairudishwi na fidia.

Moshi hadi kwenye yai

Nyaya nyingi zimevikwa plastiki yenye klorini. Zikichomwa hutoa dioksini, sumu zinazoweza kuleta saratani, na shaba iliyomo huchochea zaidi kutokea kwake. Moshi ukishaondoka, sumu imebaki kwenye majivu na udongo, na hapo ndipo kuku wa kienyeji anapochakura. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku waliojitafutia chakula Agbogbloshie, mjini Accra, Ghana, mahali palipochomwa nyaya nyingi kwa miaka. Yai moja lilitosha kumvusha mtu mzima kiwango cha dioksini kinachovumilika Ulaya kwa siku, tena mara 220.

Kama nyaya zimewahi kuchomwa uwanjani kwako, wafungie kuku mbali na hapo, usipande mchicha hapo, na funika mahali hapo kwa udongo safi au saruji. Watoto wasipachezee.

Kukitoa kifaa

Kama bado kinafanya kazi, mpe anayekihitaji. Kilichokufa usikipeleke shuleni kwa jina la msaada. Ni kuwahamishia taka watoto wa wengine. Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea vifaa vya aina hii. Kwingineko Kenya uliza mamlaka ya mazingira, NEMA, na Tanzania uliza baraza la mazingira, NEMC, wakutajie mkusanyaji mwenye kibali karibu nawe. Mnunuzi wa vyuma chakavu akifika mlangoni, muulize nyaya huzivua vipi na kioo hukipeleka wapi. Akisema anachukua shaba tu, usimuuzie. Najua shilingi anazotoa zinahitajika nyumbani, lakini kioo atakachokiacha kitavunjikia mtaani kwenu.

Kabla ya kukitoa, nakili picha na hati zako, kisha mwombe fundi aisafishe diski kabisa, maana faili zilizofutwa kwa kawaida huweza kurudishwa.

Betri ya kompyuta mpakato iliyovimba usiichaji, usiitoboe. Bandika utepe kwenye ncha zake za chuma, iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, mbali na jua na watoto.

Kama baba au kaka ni fundi

Risasi huja nyumbani na nguo. Avue nguo za kazi na viatu mlangoni, aoge kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe kando. Sakafu ipigwe deki kwa maji, kwani ufagio mkavu hurusha vumbi. Mtoto apate dagaa, maziwa na mboga za majani. Madini ya chuma na kalsiamu hupunguza risasi inayofyonzwa, hasa asipokaa na njaa.

Maumivu ya tumbo yasiyoisha, kukosa choo, uchovu na kukataa chakula huweza kuwa dalili, ingawa watoto wengi hawaonyeshi chochote. Ukifika kliniki, mweleze daktari kazi inayofanyika nyumbani, na uombe damu ya mtoto ipimwe risasi. Kipimo cha kawaida cha damu hakiionyeshi.